Ukuta wa Kidoti

Watu wananiambia nimeshikilia jambo dogo. Eti ni rangi tu, na rangi hupakwa juu ya rangi, maisha yanaendelea. Nami nawajibu: anayesema ni rangi tu aje akae na wifi yangu wiki moja, aone anavyofanya kazi, ndipo aniambie. Hasira zangu hazijaisha na sina mpango wa kuzimaliza leo.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu. Kazi yake ni kupamba vyumba vya watoto kwa mkono. Anachora ukutani, anakata, anabandika, na panapohitaji cherehani ananiletea mimi. Zamani alikuwa mwandishi wa mabango. Saluni, bucha, gereji, maduka ya dawa, nusu ya maandishi ya mtaa wetu yalitoka mkononi mwake, yeye yuko juu ya ngazi ndani ya suruali kuukuu ya mume wangu, wapita njia wakimtania kwamba huyu ataolewa na ukuta. Hakuolewa na ukuta wala na mtu, na akiulizwa husema ukuta angalau unanyamaza ukiambiwa jambo. Kisha yakaja mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine, na kazi ile ikakauka.

Vyumba vya watoto alivianzia kwangu. Mwanangu wa kwanza alivunjika mguu, akafungwa plasta, akawa analala chali kutwa nzima akitazama ukuta uliobanduka rangi. Shangazi yake akaja kumjulia hali. Nilimwekea kiti. Hakukikalia. Alivua viatu, akapanda kitandani, akalala pembeni ya mtoto, kichwa juu ya mto wake, akatazama ukuta mpaka nikadhani kasinzia. Mara akauliza kama nina kalamu. Akachora sisimizi wakitembea kwa mstari, kuanzia usawa wa mto hadi miguuni, kila mmoja kabeba kitu: punje ya mchele, kofia, kitasa cha mlango, na mmoja kambeba mwenzake aliyefungwa plasta. Mwanangu akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi niliyesimama mlangoni sikuona kitu, ikabidi nipige magoti.

Tangu hapo ndiyo namna yake. Hachori chochote kabla hajalala kwenye kitanda cha mtoto akaona kile mtoto anachokiona. Wala hachori peke yake. Mwenye chumba lazima atie mkono wake, na alichokitengeneza mtoto hakirekebishwi. Jua likipewa masikio, litabaki na masikio yake. Kwa hiyo mapambo yake yote yako chini, usawa wa macho ya mtoto, na mtu mzima akichungulia mlangoni anaona ukuta mtupu na kitanda. Wateja huambiwa jambo hilo mapema kabisa, na mara nyingi mimi ndiye ninayewaambia, kwa kuwa wifi ni mpole na mimi mdomo wangu hauna breki.

Basi tukaitwa kwenye nyumba moja yenye geti jeusi na vigae vinavyong'aa mpaka unaogopa kukanyaga. Mama mwenye nyumba alikuwa amejifungua karibuni. Binti yake wa kwanza, wa miaka mitano, waliyemwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi juu ya mdomo, alikuwa akilala chumba kimoja na wazazi tangu azaliwe. Mdogo wake alipofika, Kidoti akahamishiwa chumba cha mwisho wa korido. Akagoma. Walimbembeleza, wakamkemea, wakamwahidi baiskeli. Kila wakimlaza kule, asubuhi wanamkuta sakafuni nje ya mlango wa wazazi, amekumbatia kandambili za mama yake.

Yule mama alikuwa hoi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na siku ile nilimwonea huruma ya kweli. Alichotaka ni kimoja tu: Kidoti akubali kulala chumbani kwake. Nikamweleza namna wifi anavyofanya, kwamba kila kitu kitakaa chini na mtoto atashiriki. Akasema sawa, sawa, fanyeni mnavyojua, huku anamhamisha kichanga chake bega hili na bega lile.

Wifi akalala kitandani na Kidoti. Mimi nikakaa sakafuni na mfuko wangu wa mabaki ya vitambaa. Wakatazama, wakatazama, hadi Kidoti akanong'ona kwamba chini ya kabati kuna kitu. Mtu mwingine angemwambia hakuna kitu, lala. Wifi alimuuliza kikoje. Kidoti akakichora: miguu mitano, jicho moja, meno ya kutosha. Nikapewa kazi ya kukishona. Nilipomaliza nikaulizwa na Kidoti, amejishika kiuno kama msimamizi wa ujenzi, kwa nini nimekiongezea mguu wa sita. Mkono wangu umezoea vitu vya jozi, nifanyeje? Nikaufumua. Wakakibandika ukutani kando ya kabati, jicho limeelekea mlangoni, na Kidoti akatangaza kwamba sasa hicho ni mlinzi na hakilali, kwa hiyo wengine wanaweza kulala.

Na wengine walikuja. Msafara mzima wa wanyama ulitoka kwa mlinzi, ukapita chini ya dirisha, ukaishia kwenye mto. Trei za mayai zikawa magamba ya kobe, vifungo vya mashati ya baba yake vikawa macho, soksi isiyo na mwenzake ikawa twiga. Wifi alichora mmoja, Kidoti akachora mmoja. Kadiri walivyokaribia mto, wanyama walizidi kufumba macho, na wa mwisho kabisa walikuwa wamelala chali midomo wazi. Gundi ilimfika Kidoti mpaka kwenye nyusi. Sijawahi kuona mtoto akifanya kazi kwa bidii namna ile, wala sijawahi kumwona wifi akifurahi namna ile.

Siku tuliyomaliza, Kidoti alilala kwake. Asubuhi mama yake alipiga simu kusema mtoto amelala mpaka jua limechomoza. Ikawa hivyo usiku wa pili na wa tatu, mpaka tukaacha kuulizia. Wifi aliimba jikoni kwangu, na wifi akiimba ujue ana furaha, maana sauti yake anaijua mwenyewe ilivyo.

Yaliyofuata tuliambiwa na dada wa kazi wa nyumba ile, ambaye alikuwepo na hana sababu ya kutia chumvi. Walikuja wageni kumwona mtoto mchanga. Miongoni mwao alikuwamo rafiki wa mama mwenye nyumba, mwanamke wa kupiga picha kila kitu. Akasimama mlangoni kwa Kidoti, akapiga, akatazama simu yake, akauliza fundi anakuja lini kuanza. Akaambiwa kazi imekwisha. Ndipo akainama, akamwona mlinzi, akauliza nani katengeneza hicho kituko. Wakacheka wote. Na Kidoti yuko pale pale, kamshika mama yake sketi. Mama mtu akacheka nao.

Kesho yake wifi akaitwa. Nilikwenda naye.

"Fundi, hiki chumba kinaonekana kama kimepambwa na mtoto," mama akasema.

"Ndiyo, mama," wifi akajibu. "Kimepambwa na mtoto."

Akasema yeye hafanyi mzaha. Wifi naye akasema hafanyi mzaha, akaeleza upya, taratibu, kama anavyojua yeye. Akajitolea hata kuchora kitu chochote cha kupendeza huko juu, cha wageni, mradi huku chini kusiguswe. Mama akakataa. Kinachomuudhi ni kile kituko, kinamwaibisha, kiondoke na wenzake wote. Wifi akasema kwa mkono wake hakitoki. Tukaondoka.

Akaletwa fundi mwingine na rola. Ukuta mzima ukapigwa rangi ya krimu. Juu likabandikwa kasri la karatasi na maputo, na karibu na dari jina la mtoto kwa herufi za dhahabu, mtoto ambaye hata kusoma hajui. Kobe walikwanguliwa kwa kisu. Mlinzi alibanduliwa, akatiwa kwenye mfuko wa taka pamoja na maganda ya ndizi. Dada wa kazi alisema Kidoti alisimama mlangoni tangu mwanzo hadi mwisho, na hakulia. Mimi ningeshukuru kama angelia, akajitupa chini, akamng'ata mtu.

Picha za chumba kipya zikaenda kila mahali. Hata mimi zilinifikia, zimeletwa na mteja anayetaka mapazia kama yale. Watu wakasifu. Mtoto ana bahati huyo, wakasema. Na mtoto mwenye bahati karudi kulala sakafuni mlangoni kwa wazazi.

Hapo bado nilikuwa nimejizuia. Kilichonitoa roho ni kwamba yule mama, alipoulizwa kwa nini binti yake halali kwenye kasri lake, alisema fundi wa kwanza alimtisha kwa kumwekea mazimwi. Maneno yakatembea. Wazazi waliokuwa wamemwomba wifi aende kwao wakaanza kupata safari, wagonjwa, ukarabati wa ghafla. Wifi akawa anakuja kwangu, anakaa, anapanga vifungo kwa rangi, anavichanganya, anavipanga upya. Silioni kosa lake lolote na sitaliona. Mwanamke aliyejilaza kwenye vitanda vya watoto wa watu ili aone wanachokiogopa, leo yeye ndiye wa kutisha watoto!

Kisha simu ikalia. Mama wa geti jeusi. Njooni mumrekebishe mtoto, kazi yenu haikudumu. Nilimwambia wifi asiende, tena nilimwambia kwa maneno ambayo siyaandiki hapa.

"Hasira mpelekee mama yake," wifi akaniambia. "Mimi naenda kwa mtoto."

Nikachukua mfuko wangu nikamfuata. Tulimkuta mama yuko katikati ya kile chumba, kichanga begani, kapauka. Sikungoja hata kukaribishwa.

"Dada, ulitaka mtoto alale au ulitaka wageni wafurahi?"

Akasema mimi siyajui maneno ya watu yanavyochoma. Nikamwambia nayajua sana, mengine kayasambaza yeye. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Akasema wekeni chochote, popote, hata chini, hata hicho kituko kirudisheni, yeye amechoka. Hata kuomba msamaha hakuomba. Ilinichoma zaidi kuona kwamba bado anadhani ni suala la kitu gani kibandikwe wapi.

Wifi akamwita Kidoti. Alikuja polepole, akasimama mbali kidogo na ukuta, jinsi mtu anavyosimama kwenye nyumba ya watu. Wifi akapiga magoti, akafungua kopo la buluu, akachovya brashi, akampa.

Kidoti akaficha mikono nyuma.

"Chora wewe, shangazi," akasema. "Vyangu ni vibaya."

Hakusema kwa kununa wala kwa kudeka. Alisema kama anavyotaja umri wake. Nilijisikia kutaka kuvunja kitu, na kama lile kasri lisingekuwa la karatasi ningelivunja. Mtu hajaanza hata shule, tayari ameshafundishwa hilo, tena nyumbani kwao, na watu waliovaa vizuri.

Nilimtazama wifi nikingoja afanye ujanja wake. Wifi ana ujanja wa kila namna kwa watoto: anajifanya hajui kushika brashi, anamchora simba bila mkia kwa makusudi ili mtoto amsahihishe. Safari hii alibaki amepiga magoti, brashi inadondosha buluu kwenye vigae vile vya kung'aa.

"Mama," wifi akasema, "ukuta nitaurudisha hata leo. Hili alilolisema sijui linarudishwaje."

Mama mwenye nyumba alimtazama binti yake. Kisha akaja kwangu, kwangu mimi niliyemfokea sasa hivi, akanipa kichanga nimshikie. Akapiga magoti na gauni lake, akachukua ile brashi, akaanza kuchora karibu na mto. Hajui kuchora hata kidogo. Kitu chenyewe sikukielewa, labda mbuzi, labda kigoda chenye shingo. Rangi ilimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Hakuifuta. Alipomaliza akamgeukia Kidoti na kumuuliza kama ni kizuri, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka sana kuambiwa ndiyo.

Kidoti alisogea. Akainama, mikono bado iko nyuma, akakitazama kile kitu kuanzia miguuni hadi shingoni. Kisha akampigapiga mama yake begani, kama yeye ndiye mkubwa.

"Kizuri, mama," akamwambia. "Wakija kukifuta, usilie."