Lugha ya Mji wa Mvuke

Mama mdogo ni fundi cherehani wa sare za shule, na tena ni mwongo mwenye kipaji. Anaandika visa vya kuchekesha vya karne ya kumi na tisa ambayo haikuwapo: mji ambao kila kitu kinakwenda kwa mvuke, mabwana wa kofia ndefu wanapanda baiskeli zenye tanuri, na mabibi wanabanwa viuno na mashine hadi wakipumua wanapiga honi. Watu wa mji huo wana maneno yao ya mitaani, yote ya kutunga. Mtu wa hasira za karibu ni "chufuo". Tapeli ni "mkorogashaba". Kubusiana kwa siri ni "kuazimana masizi". Huwasomea wateja huku pini zimo mdomoni, na aliyekuja kupunguza suruali hukaa hadi jioni.

Mumewe, baba mdogo, alikuwa kinyozi, na mdomo wake ulikata kuliko wembe. Hukai kwenye kiti chake ukatoka bila kutaniwa. Kisha kiharusi kikampiga. Mkono ulirudi, mguu ukarudi, maneno yakagoma. Ndugu walikuja kumjulia hali wakamsemesha kwa kupaza sauti, kana kwamba amekuwa kiziwi. Walinikera sana.

Hospitalini, dada anayewafundisha wagonjwa kusema alimwonyesha kadi za picha. Akionyeshwa kijiko, anasema "kiti". Alijisikia mwenyewe anakosea, na hapo ndipo palipomuuma. Mwishowe akafunga mdomo kabisa. Yule dada hakumficha mama mdogo: mzee asipousumbua ulimi sasa, huenda asiseme tena. Mama mdogo akambembeleza, akamgombeza, akanuna. Wapi! Mtu aliyeishi kwa kuchekesha wenzake hakuwa tayari kuchekwa.

Basi mama mdogo akawa anamleta dukani kwake, anamketisha karibu na meza ya kukatia vitambaa. Siku moja alikuwa anasoma kisa cha askari mwenye kofia ya mvuke, ile inayojivua yenyewe kusalimia mabibi. Kofia imeharibika, inasalimia hata punda na nguzo za taa. Hapo mama mdogo akakwama.

"Wahuni wamwiteje huyu askari? Nisaidieni jamani."

Mteja mmoja akasema, "Bwana Mfuniko." Mimi nikasema, "Kifyatuo." Yote akayakataa.

"Bupura," ikasikika kutoka mezani.

Tukageuka. Baba mdogo alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja, kama mtoto aliyevunja sahani. Mpaka leo sijui alikusudia kusema nini. Mama mdogo, ambaye kwa kawaida huuliza hadi ukome, hakuuliza. Alitema pini, akaandika.

"Bupura! Hilo hilo. Nahangaika wiki nzima, kumbe ninalo nyumbani."

Wateja walivunjika mbavu. Walimcheka askari, hawakumcheka yeye, na yeye aliliona hilo. Neno la kutunga halina wa kulisahihisha. Kesho yake akatoa jingine, na keshokutwa mawili. Baadaye akaanza kudai lake liwekwe mahali fulani kwenye kisa, si pengine, na huwezi kubishana na mama mdogo kwa maneno ya mji wa mvuke tu. Ikambidi aseme "hapana". Kisha "hapo". Kisha, kwa taabu na kwa raha zake, "hujui kuandika wewe."

Mvua zilipokwisha tukamrudisha hospitalini. Yule dada akanyanyua kadi yenye picha ya kiatu. Baba mdogo akaitazama.

"Chokoroma," akasema.

"Hapana, mzee," dada alijibu kwa upole. "Tulia, ujaribu tena."

Mama mdogo alinikamata mkono hadi ukauma. Hofu yake niliijua, maana alishaniambia: kwamba maneno yake ya uongo yangekuja kuyala ya kweli.

"Na... najua ni kiatu," baba mdogo akasema. "Nakutania, mwanangu."

Dada alibaki na kadi hewani. Mama mdogo alilia waziwazi, bila hata kutafuta leso, nami uzalendo ukanishinda.

Baba mdogo akaninyooshea kidole. "Na huyu naye," akamuuliza mkewe, "analilia nini?"