Mkono wa Baba Ulipolala

Nilikuwa mtoto wa umri wa kufunga ndama tulipoishi Sachangwan, na kuna swali moja la siku hizo ambalo nimezeeka nalo bila jibu: ni nani aliyewaambia wazee kwamba mkono wa baba hulala baba anapolala? Ili kulijua jambo hilo, ilibidi mtu aingie bomani kwetu mchana, baba akiwa amejinyoosha kwenye ngozi yake, aketi karibu naye na kumtazama. Waliokuwa wakiingia hapo ni mama, mimi, na nyanya yangu mzaa baba, ambaye tulimwita Cucu. Ndugu yangu alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Mimi hakuna aliyeniuliza neno. Wanabaki wawili, na wote wawili niliwapenda.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Hali ya Hatari. Tulikuwa maskwota kwenye shamba la mzungu, huko juu ambako ukungu hulalia pareto hadi jua lichukue nguvu. Baba, Njuguna, alikuwa mkamuaji. Aliamka ng'ombe wakiwa bado wamelala, akamaliza kazi watu wengine wakianza yao, na ndiyo sababu alilala mchana kama mtoto. Alikuwa mtu wa mzaha. Ng'ombe mkaidi wa zizi lile alimwita Mama Mkwe, na ng'ombe huyo alipompiga teke, baba alimwomba msamaha kwa heshima zote.

Kisha mtamba wa jirani yetu, Mzee Gathogo, akapotea. Alikuwa amejichanganya na ng'ombe wetu malishoni, na baba ndiye aliyeonekana mwisho akimrudisha. Maneno yakaanza. Baba hakungoja yakomae. Alidai mwenyewe aletewe jiwe la kiapo, lile lenye matundu, na mbele ya watu akapitisha bua la nyasi tundu baada ya tundu akisema, "Kama nilimla au kumuuza mtamba wa Gathogo, jiwe hili linile, mimi na walio wangu."

Walio wake ndio sisi. Sikulielewa hilo wakati ule, lakini mama alilielewa. Namkumbuka akivuta shuka lililombeba ndugu yangu na kulifunga upya, ingawa halikuwa limelegea.

Kiapo kile hakikujibu siku hiyo. Kilisubiri misimu, mvua hadi mvua. Misimu ikipita na aliyeapa akawa mzima, alikuwa msafi, na Gathogo angemwomba radhi hadharani. Akipatwa na jambo kabla ya hapo, kila mtu alijua limetoka wapi.

Msimu wa kwanza ulipita salama. Katika wa pili niliona mkono wa kulia wa baba, alipokuwa ameketi na kikombe cha chai chini karibu naye, ukicheza peke yake magotini. Kidole gumba kilisugua kidole cha pili, taratibu, kama cha mtu anayesokota ugoro.

"Baba anahesabu mbuzi," nikasema.

"Nahesabu mahari yako," akajibu. "Nyamaza, Wanjiru, nisije nikakosea nikakutoa bure."

Tulicheka. Yeye alicheka kwa sauti tu, uso haukucheka naye. Ndivyo ulivyokuwa siku hizo, uso uliotulia kama wa mtu anayesikiliza jambo la mbali. Cucu aliuona akasema mwanawe amekuwa na moyo mgumu. Kuna siku mama alimpa maziwa yaliyochacha kwa bahati mbaya, akayanywa yote akashukuru. Mkamuaji asiyenusa maziwa mabovu! Mama alisimulia jambo hilo kwa kicheko mara ya kwanza. Hakulisimulia mara ya pili.

Lililowachanganya watu ni kwamba zizini hakutetemeka. Akishika chuchu ya ng'ombe, mkono ulitulia na maziwa yakaingia ndooni moja kwa moja. Aliokota sindano. Aliwasha kiberiti kwenye upepo. Alipouweka mkono chini, bila kazi, ndipo ulipoanza kusokota ugoro wake.

Kwetu iliaminika kwamba ugonjwa wa mwili hauchagui saa. Anayeumwa mguu, huumwa akitembea na akiketi. Lakini mtetemo unaokwisha mtu ashikapo kazi, na unaolala mwenyewe akilala, huo haukuitwa ugonjwa. Ulikuwa kiapo. Wazee walisema kinachotetemeka ni kile mtu anachokijua moyoni. Akishughulika hukisahau kidogo, na akilala hukisahau kabisa.

Baba alipochoshwa na macho ya watu alikwenda Nakuru kwa daktari. Akaondoka na koti lake la Jumapili, akarudi na vidonge vyeupe ndani ya karatasi. Cucu alikuwa akimngoja mlangoni.

"Amesema nini?"

"Amesema mwili ni mzima. Ati ni wasiwasi."

"Wasiwasi?"

"Woga, Maitu, mama yangu. Kwamba nina hofu, na hofu imeshuka mkononi."

Cucu aliketi chini polepole. "Njuguna," akasema, "hofu ya nini?"

Baba alimtazama kwa ule uso wake usiosogea. Nadhani alikuwa ametembea njia yote kutoka stesheni akifurahi kwamba mwili ni mzima, na hapo mlangoni ndipo alipogundua alichokileta nyumbani. Hospitali ilikuwa imemwandikia hatia kwa lugha nyingine. Kufikia jioni shamba zima lilijua kwamba hata daktari wa mzungu ameona: Njuguna hana ugonjwa, Njuguna anaogopa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mke wa mtu na kichwa kimejaa vitabu nilivyovisoma kwa kuokoteza, nilimpeleka mume wangu kwa daktari, hapohapo Nakuru. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeanza. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwambia aweke mikono mapajani asifanye lolote, kisha anyooshe, kisha achukue kalamu. Akanigeukia mimi. "Mama, akilala je? Unaendelea?"

Lilikuwa swali la wazee, neno kwa neno, limevaa koti jeupe.

Alinieleza kwa subira. Mtetemo wa hofu kwa kawaida hushika mikono yote miwili, na huzidi pale mtu anaponyoosha mkono kushika kitu huku akitazamwa. Moyo hukimbia, jasho hutoka, na hofu ikipoa nao hupoa. Huu mwingine unatoka kwenye ubongo. Mara nyingi huanzia upande mmoja, huja mkono ukiwa umepumzika, hutulia mkono ukifanya kazi, na usingizini hunyamaza. Pua huenda ikaacha kunusa mapema, kabla ya yote. Uso hukauka. "Lakini usihukumu kwa dalili moja, Mama," akasema. "Hata wa ubongo huzidi mtu akiogopa. Na mtu anaweza kuwa na yote mawili."

Basi wazee wetu walikuwa wameona vizuri. Hilo ndilo linaloniuma. Hawakukosea katika kutazama hata kidogo. Waliona kila alichokiona yule kijana, wakakisoma kinyume. Siwezi kuwachukia kwa hilo. Walikuwa na jiwe la matundu, na daktari wa siku zile aliyekuwa na hospitali nzima hakuona hata walichokiona wao.

Lakini kuna jambo wasingeweza kuliona wenyewe, na hilo walipewa.

Baada ya vile vidonge vya Nakuru, wazee walikuja asubuhi, baba akiwa ametoka kukamua. Waliketi uani, Gathogo pembeni yao akitazama chini. Baba aliketi akikabiliana nao, na mkono ukaanza mara moja, kwa nguvu kuliko nilivyowahi kuuona, hadi akaushika kwa ule mwingine.

"Ungama," mzee mkubwa alimwambia, bila ukali. "Ukiungama utatakaswa, na watoto watapona. Hatutaki kukuvunja."

"Niungame nini? Nilimrudisha hadi kwenye kijito, nikamwacha akielekea kwao."

"Mkono hauna habari hiyo."

"Mkono unaumwa."

"Mkono unaoumwa hukamua?" Watu kadhaa waliguna. Mzee akaendelea kwa sauti ya chini zaidi. "Njuguna, mkono unaoumwa hulala? Tumeambiwa. Mchana ukiwa umelala, mkono wako hutulia kama wa mtoto. Ukifumbua macho unaanza."

Baba hakumtazama mzee. Aligeuka akamtazama mama, kisha Cucu, kisha mama tena.

"Kumbe huwa mnanichungulia nikilala," akasema.

Cucu alikuwa akilia bila sauti. Mama alimtazama mtoto aliyekuwa mikononi mwake. Alikuwa na homa tangu juzi yake, ndugu yangu, homa ya kawaida ya baridi ya kule juu, lakini mama asingeweza kujua hivyo, na kiapo kilikuwa kimesema "mimi na walio wangu."

Mama alipozeeka nilimuuliza, siku moja tukimenya minji, zile njegere. Nilimuuliza waziwazi, "Mama, ni nani aliwaambia?" Alimenya ganda zima kabla ya kujibu. "Cucu yako alikuwa mama yake," akasema. "Mimi nilikuwa mama yenu." Nimeligeuza jibu hilo pande zote. Wakati mwingine nasikia mama akikiri. Wakati mwingine nasikia akisema kwamba kila mmoja wao alikuwa na sababu yake, na kwamba huenda Cucu alitaka mwanawe aungame apone, kama vile mama alivyotaka sisi tupone. Cucu alifariki nikiwa bado msichana. Mtamba hakuonekana tena. Baba alikwenda kuishi kwa binamu yake Naivasha, akafia huko, mwili umekauka kama mti na akili ikiwa timamu. Waliomuuguza walisema hakuungama, na hakututaja kwa ubaya. Homa ya ndugu yangu iliisha baada ya baba kuondoka, na kwa shamba zima huo ukawa ushahidi wa mwisho.

Asubuhi ile wazee walinong'onezana, wakaamua. Njuguna atoke bomani hadi atakapokubali kuungama. Na kwa kuwa mwenye boma hatolewi kwa kusukumwa, moto wa thingira, ile nyumba yake ya kiume, uzimwe, ili boma lijue halina mtu. Kazi hiyo ilikuwa ya mke.

Mama alinikabidhi mtoto, akaleta maji kwenye kibuyu. Alisimama juu ya mafiga, mlango ukiwa wazi na watu wote wakitazama. Alipoinua kibuyu mikono yake ikaanza kutetemeka, yote miwili, na kadiri alivyoisogeza motoni ndivyo ilivyozidi. Maji yalimwagika miguuni kwake, yakamwagika ukutani. Shingo yake iling'aa kwa jasho katika baridi ile. Hakuna hata tone lililofika motoni. Na katika wote wale waliokuja kusoma mkono unaotetemeka, hakuna aliyemtazama mikono.

Baba aliinuka kwenye kigoda. Aliingia, akamwambia, "Lete, Mama Wanjiru, utajichoma," akakichukua kibuyu kwa mkono wake wa kulia.

Mkono ulitulia. Uliinama polepole, kama anavyomimina maziwa mkamuaji asiyetaka kupoteza hata tone, na maji yakashuka kwa mstari mmoja mwembamba katikati ya makaa. Nje nilimsikia mtu akisema, "Mnaona?"

Moto wa baba ulizimwa na baba.