Sanduku la Sita

Miaka michache kabla ya uhuru nilikuwa karani wa forodha kwenye gati la mji wa Baraka, kando ya ziwa. Konsuli mmoja wa nchi ya kigeni, aliyefanya kazi Bukavu, alipanga nyumba ya kupumzikia Fizi, na mizigo yake ikaletwa kwa meli kutoka Kigoma. Kwa mapatano ya nchi yake na serikali ya Wabeligiji, vitu vyake vya nyumbani havikutozwa ushuru wala kufunguliwa. Kazi yangu ilikuwa kupiga muhuri tu.

Mke wangu alitaka cherehani, na ushuru wake ulinishinda. Nikapatana na baharia mmoja aiweke pamoja na masanduku ya konsuli, nami nikaongeza mstari kwenye orodha. Nilikusudia kuichukua ghalani gari likishaondoka na mzigo wa kwanza.

Aliyekuja kupokea ni mpishi wa konsuli, mzee wa Ubwari asiyejua kusoma. Alisema aliambiwa masanduku matano. Nikamjibu kwamba karatasi inasema sita. Akaniamini, akaweka dole gumba.

Kumbe konsuli mwenyewe alikuwa njiani. Alipofika na kuona sanduku asilolijua, alimwambia mkuu wangu, Mbeligiji, kwamba anaruhusu lifunguliwe. Cherehani ikatoka. Konsuli akawa mwekundu: mtu ametumia jina la nchi yake kukwepa ushuru.

Mkuu akanigeukia. "Hii mashini iko ya nani?"

"Sijue, Bwana. Huyu mzee ndiye alipokea."

Mzee aliniangalia, kisha akainamisha kichwa. Konsuli alijaribu kumtetea, lakini mkuu alisema kinga ya mapatano ni ya konsuli peke yake, haimkingi mpishi. Cherehani ikataifishwa. Mzee alifungwa majuma matatu Fizi, na alipotoka hakurudishwa kazini.

Baada ya miezi michache nilivuka kwenda Ubwari. Nilimkuta akianika dagaa na mkewe. Nikapiga magoti, nikamweleza yote.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Ni wewe ulisema karatasi inasema sita. Mi sitaki unipigie magoti, mwanangu. Enda kwa mukubwa wako, umwambie."

Nilimwahidi kwamba nitakwenda. Mkewe akanipa samaki wa kupeleka nyumbani, nami nikapokea.

Sikwenda. Mwaka uliofuata mkuu alihamishwa. Nilimbebea sanduku lake mpaka melini, akanishika mkono, akanisifu kwa uaminifu wangu. Nikamshukuru.