Ulimi wa Sugrabai

Ukitaka kumuudhi Sugrabai Valli, mwambie chakula chake ni kitamu. Kitamu vipi? Kimekolea nini, kimepungua nini? Kwake yeye, mtu asemaye "kitamu" basi ni mtu anayetaka kwenda zake. Alikuwa mpishi wa shughuli, mjane wa miaka sitini kasoro, mwembamba wa mwili na mnene wa maneno. Biriani yake ilikuwa imeozesha nusu ya Mabohora wenzake, Wahindi Waislamu wa Mji wa Kale, na Waswahili na Waarabu si haba, na hakuwahi hata siku moja kupima chumvi kwa kijiko. Alionja, basi.

Mlango wake ulitazamana na mlango wa Bi Hind, mke wa mzee Abdullah, Waarabu wa asili ya Hadhramauti waliokaa Kibokoni tangu babu wa babu. Bi Hind hakupikia watu kwa malipo, lakini moyoni aliamini kwamba pilau yake ingeiaibisha biriani ya Sugrabai mbele ya kadamnasi. Kila Ijumaa baada ya sala, sahani ya pilau ilivuka kichochoro ikiwa imefunikwa kawa. Na kila Ijumaa ilirudi na sambusa au halua juu yake, kwa kuwa si adabu kumrudishia jirani sahani tupu, na pamoja na sambusa, tusi.

"Hind! Pilau hii umempikia punda wa mkokoteni?"

"Nawe sambusa zako zafaa kuezekea paa, si kula!"

Wageni waliopita hapo kwa mara ya kwanza walidhani kuna ugomvi, wakaharakisha hatua. Wenyeji walijua kwamba wale wawili wapendana kupita kiasi.

Kansa ya titi ilipomjia Sugrabai mara ya kwanza, miaka saba nyuma, hakumwambia mtu. Aliyemfichua ni ulimi wake. Zile dawa za dripu zilimharibu kinywa, kila alichokula kikawa kama kulamba msumari. Ijumaa moja alikula pilau ya Bi Hind asisikie kitu, na kwa kukosa la kusema akamwita dirishani kwa sauti ya upole, "Ahsante shoga yangu, pilau yako nzuri sana leo."

Bi Hind aliangusha mwiko. Akavuka kichochoro na leso kichwani na kiatu mguu mmoja.

"Una nini wewe? Sema! Umeisifu pilau yangu, basi wafa!"

Siri ikatoka siku hiyo hiyo. Lakini aibu kubwa ilikuja baadaye, maana Sugrabai, kwa ukaidi wake, alikwenda na ulimi ule uliokufa akapika biriani ya harusi ya binti mkubwa wa Aliasgar, mwenye duka la vitambaa. Kwa Mabohora watu hukaa kuizunguka sinia moja kubwa, na kabla ya chochote kila mtu huonja chembe ya chumvi. Siku ile wageni walionja chumvi, kisha wakaletewa biriani, wakadhani ni chumvi inaendelea. Walikunywa maji mpaka mapipa yakalia. Kesho yake huko Makadara watu walikuwa wameshaipa jina: biriani ya Kilindini, eti imepikwa kwa maji ya bandarini.

Sugrabai alipona, alhamdulillahi. Jina lile ndilo halikupona. Kwa muda mrefu akipita sokoni alisikia kicheko nyuma yake, na usiku akalia kwa hasira, maana kwa kansa watu walimwonea huruma, kwa biriani walimcheka.

Mwaka huu uvimbe ukarudi, pale pale kando ya kovu, kama mgeni aliyesahau mwavuli.

Daktari Stacy, msichana mpole mwenye miwani, alimweleza taratibu: dripu tena, mizunguko kadhaa, kisha picha, kisha waone. Sugrabai alisikiliza yote, mkoba magotini, halafu akauliza neno moja.

"Na ulimi?"

"Hapana mama, haujafika kwenye ulimi."

"Sikuulizi umefika wapi, mwanangu. Nakuuliza ulimi wangu."

"Ukitaka tutaupima na wenyewe."

"Masalale! Nikipika biriani, chumvi nitaijuaje?"

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema wakati wa matibabu mtu anaweza kupumzika kidogo na mambo ya jikoni. Sugrabai akasema ndiyo, ndiyo, naam, kwa ile sauti ya mtu ambaye hatafanya hivyo kabisa.

Kwa sababu, sikiliza balaa lenyewe: wiki ile ile Hussaina, mke wa Aliasgar, alikuwa amekuja mwenyewe mlangoni. Alikuwa anamuoza mwanawe wa mwisho, Rizwan. "Sugrabai," alisema, "watu na waseme. Mimi nautaka mkono wako." Sugrabai alimshukuru kama mtu mzima, akamsindikiza, akafunga mlango, kisha akalia mpaka dupatta, mtandio wake wa kichwani, ikalowa. Nyumba ile ile! Sinia zile zile! Mungu alikuwa amempa nafasi ya kulifuta jina la Kilindini, na hapo hapo akamletea na dripu.

Basi akaamua afanye vyote, na asimwambie mtu. Siku za hospitali alimuaga Bi Hind kwamba yuwaenda Makupa kutafuta vitunguu vya bei nzuri. Akarudi jioni amejikokota, uso umempauka, mikono mitupu.

"Vitunguu viko wapi?" Bi Hind akauliza.

"Vibovu."

Mara ya pili vilikuwa vibovu tena. Bi Hind akasema hajawahi kusikia vitunguu vibovu namna hiyo tangu azaliwe, akaingia ndani.

Msumari ukarudi kinywani. Safari hii Sugrabai alikuwa mjanja, hakusifu kitu. Ijumaa ilipofika akala vijiko viwili, akasogea dirishani na kuvuta pumzi. "Hind! Bizari yote hiyo, umerithi shamba?" Ijumaa iliyofuata, "Hind! Mchele huu umeupika au umeutisha tu?" Akajiona ameshinda. Ijumaa ya tatu akatoa lile la siku zote, "Hind! Chumvi imezidi! Wataka kutuua kwa presha?"

Mlango wa pili ukafunguliwa, na Bi Hind akavuka polepole, viatu vyote miguuni, akasimama kizingitini mikono kiunoni.

"Rudia."

"Nimesema chumvi imezidi."

"Sugra. Pilau hiyo sikutia chumvi. Hata chembe. Abdullah kala kijiko kimoja akauliza amenikosea nini."

Sugrabai aliitazama sahani. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, na kicheko hakikujua kusimama mpaka kikawa kilio. Bi Hind akakaa pembeni yake, naye analia, naye ana hasira.

"Mara ya kwanza ulinificha. Ya pili wanificha! Mimi nani kwako, muuza makaa?"

"Nilichoka kuonewa huruma, Hind. Mara ile mtaa mzima uliniletea uji. Nilikunywa uji mpaka nikatamani kansa yenyewe." Akapangusa pua. "Na naogopa. Mara ya kwanza sikujua yanayokuja. Sasa nayajua yote."

Hapo ndipo alipolitoa lililobaki. Dripu inayofuata ilikuwa imeangukia siku mbili kabla ya harusi ya Rizwan, naye alikuwa ameamua kutokwenda. Angeiruka hiyo moja tu, huenda ulimi ukaamka. Daktari alikuwa ameshamuonya kwamba kuruka ni kuupa ugonjwa mlango wazi.

"Utaiacha dawa kwa ajili ya biriani?"

"Si biriani! Nikifa leo, watu watasema nini? 'Maskini Sugrabai, yule wa Kilindini.' Hilo ndilo litakalobaki, Hind. Siwezi."

Bi Hind hakumwambia usiseme hivyo. Aliikunja na kuikunjua ncha ya leso yake.

"Dripu utakwenda. Ulimi nitakupa wangu."

"Wako?" Sugrabai akainua kichwa, machozi bado yanatiririka. "Ulimi wa pilau kwenye biriani ya Kibohora? Astaghfirullah!"

"Unao mwingine?"

Hakuwa nao.

Wakaenda pamoja. Bi Hind alikaa kando ya kile kiti cha dripu siku nzima, akimuuliza muuguzi kila dawa inayoingia ina ladha gani, mpaka muuguzi akaomba abadilishwe chumba. Na siku ya kupika, uani kwa Aliasgar, Sugrabai alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kama hakimu, miguu haina nguvu, akiwaamrisha wanawake wa kukoroga. Kisha masufuria yakafika pa kuonjwa.

Bi Hind akachovya, akaonja, macho juu.

"Bado."

Chumvi ikatiwa.

"Bado kidogo."

Ikatiwa tena. Akaonja, akalamba mdomo, akafikiri kwa muda ambao Sugrabai aliuona mrefu kuliko ugonjwa.

"Basi."

"Basi kweli?"

"Basi."

Mkono wa Sugrabai ulikuwa tayari umeshika chumvi nyingine. Miaka yote ile mkono huo haukumsikiliza mtu. Na Hind huyu, ambaye kila siku aliota kuiona biriani hii ikianguka! Mkono ukaning'inia juu ya sufuria. Akaonja mwenyewe, akapata msumari. Akamtazama Bi Hind, na Bi Hind akamtazama, jasho lamtoka, naye anaogopa vile vile.

Sugrabai akairudisha chumvi kwenye bakuli. "Palieni makaa," akasema, "kabla sijabadili nia."

Harusini sinia zikatandazwa, chumvi ikazungushwa, kila mtu akaonja chembe yake. Sugrabai naye akaiweka ulimini, asisikie kitu. Kisha biriani ikaingia. Aliutazama ukumbi wa wanawake kama mtu anayesubiri hukumu, na kilichomtisha ni kwamba watu walinyamaza. Walinyamaza kwa sababu walikuwa wanakula. Wakaomba tena. Ajuza mmoja aliyekuwepo ile mara ya Kilindini alikwangua sinia kwa kidole.

Na kreti za soda! Aliasgar, mtu wa tahadhari, alikuwa amejaza chumba kizima soda na maji, sakafuni mpaka dari, asije akaaibika mara mbili. Wageni walipokwisha kuondoka, kreti zilikuwa bado zimesimama pale pale, vumbi halijaguswa. Hussaina alimwita Sugrabai, akamfungulia mlango wa chumba kile, akamuonyesha. Hakusema kitamu. Sugrabai hakuwahi kupata sifa kubwa kuliko ile.

Dripu ziliendelea mpaka zikaisha. Nywele zilikwenda, kucha zikawa nyeusi, na kuna siku alimfukuza kila mtu, Bi Hind akiwemo, akalala na uso ukutani. Bi Hind aliondoka alipofukuzwa, akarudi baada ya sala ya alasiri. Ijumaa sahani ilivuka kama kawaida, ila sasa Sugrabai alisema kweli. "Sijui, Hind," alimwitia dirishani. "Leo pia sijui." Na Bi Hind akajibu, "Haya, shoga."

Dripu zilipokwisha, majuma yakapita. Picha ilipigwa, majibu hayajatoka, na Daktari Stacy alisema wasubiri. Ijumaa hiyo Sugrabai alifunua kawa bila kutazamia lolote, akatia kijiko mdomoni huku akiwaza picha. Akaacha kutafuna. Akatafuna tena. Akatema kwenye kiganja, akakimbilia dirishani, kichwa kipara bila dupatta, sauti ikasikika mpaka barabarani.

"Hind! Hii ni pilau ama ni Kilindini yenyewe? Umemwaga gunia zima la chumvi? Mwanamke gani wewe usiyejua kupika!"

Ng'ambo ya pili Bi Hind alikuwa dirishani tayari, ameushika mwimo wa dirisha kwa mikono miwili. Kumbe kila Ijumaa tangu dripu ziishe alikuwa akimtengea Sugrabai sahani yake peke yake na kuizidishia chumvi, juma kwa juma, akingoja.

"Sugra," akasema, na sauti ikamkatika. "Nitukane tena."