Mlinzi wa Tuta la Mbweni

Usiponiamini sitakulaumu, ila nyumba ipo Mbweni na mie ndiye ninayelala humo, wala sina kipaji cha kutunga.

Nyuma ya kiwanja changu kulikuwa na tuta la udongo lililozunguka kama bangili. Wenyeji walisema ni ukuta wa boma la kale, walimojihami watu wa zamani. Jirani yangu, Bi Mwanaidi, alinionya: "Mwanangu, usichimbe kabla hujafukiza ubani ukaomba ruhusa." Nikacheka. Nilikuwa na haraka ya kujenga nimhamishie mama, aliyekuwa anaumwa katika chumba cha kupanga kule Mwananyamala. Nikalifukua tuta lote, udongo wake nikajazia msingi wa nyumba.

Wiki niliyohamia, jua likizama, nilikuwa jikoni nakuna nazi nikasikia hodi. Wewe ungefanya nini? Nikajibu "karibu" bila hata kugeuka. Nilipotoka sebuleni nikamkuta mzee, mkuki mkononi, miguu imejaa tope jekundu, na kilikuwa kiangazi. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia.

Alipapasa kuta zote taratibu, kisha akanitazama kwa huzuni.

"Ukuta niliowekwa niulinde umeufukia humu," akasema. "Basi nitaulinda humu humu."

Akasimama mlangoni, akapotea machoni pangu. Lakini hakuondoka.

Nimejuaje? Kesho yake mama alikuja na mkeka wake kwapani. Alifika kizingitini akarudi nyuma, macho yamemtoka.

"Kuna mwanamume ananiuliza mie nani. Namwambia mama yake mwenye nyumba, anasema hanijui."

Tulijaribu mlango wa nyuma, tukajaribu siku nyingine. Kisomo tukakisomea barazani, maana shehe naye alishindwa kuingia. Nimefukiza ubani mpaka macho yakaniwasha, nimemsihi mzee wa watu aende zake. Nitamfukuzaje, na mwenyewe ndiye niliyemkaribisha?

Mama alifia Mwananyamala, kwenye chumba kile kile cha kupanga, kichwa chake mapajani pangu. Kitanda nilichomnunulia kiko Mbweni, godoro bado lina nailoni yake. Inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo wewe unayejenga, ukikuta tuta la watu, liache. Ukibishiwa hodi, tazama kwanza ni nani. Na ukipita Mbweni usije mlangoni kwangu. Nipigie simu, nitatoka nje tuonane.