Vyombo vya Bi Harusi na Taa ya Pikapu

Nusaiba binti Sadallah alipopunguzwa kazi kiwandani mwaka 1995, wenzake walidhani atafungua genge la nyanya. Yeye akachukua kiinua mgongo chake, akaongezea akiba ya maandazi ya miaka kumi, akanunua pikapu. Wala si mtumba. Mpya ya dukani, viti vingali na nailoni, na karatasi ya garantii ya miaka miwili. Akajifunza kuendesha akiwa na miaka arobaini na saba. Maseremala wa Keko walimcheka wiki moja tu. Wiki ya pili wakawa wanamgombania awapelekee wateja makabati na vitanda.

Raha hiyo ilikuwa na mwiba mmoja: taa ya injini. Mara kwa mara iliwaka njano kwenye dashibodi, pikapu ikakosa pumzi kama mwenye pumu. Anaipeleka Mikocheni, gereji ya kampuni iliyomuuzia. Akifika, taa imezimika. Mara nne alikwenda, mara nne akarudishwa na maneno yale yale: gari zima, mama, nenda salama.

Mara ya tano ilikuwa Jumamosi, siku ya mwisho ya garantii. Alimkuta fundi Ansbert, mtu wa Bukoba mwenye sauti ya upole.

“Shikamoo mama. Imezimika tena?”

“Marahaba, mwanangu. Imezimika. Inakuogopa.”

Ansbert akacheka, kisha akatikisa kichwa. “Siwezi kuandika ugonjwa nisiouona. Na leo tukishafunga saa saba, karatasi yako ndiyo basi.”

Nusaiba alikuwa ameliwaza jambo hilo wiki nzima. “Nisikilize. Huku mie naja na gari tupu. Taa inawaka nikiwa na mzigo, tena kwenye kilima. Sasa hivi nakwenda Keko kupakia vyombo vya bi harusi, navipeleka Kimara. Beba spana zako, twende wote ukaone.”

Ansbert akamgeukia mkubwa wake. “Nenda,” mkubwa akasema, “lakini saa saba uwe umeshaandika.”

Keko wakapakia kitanda cha mninga, kabati la milango mitatu, godoro na masufuria. Juu ya vyote wakapanda wanawake saba waliovaa kanga sare, nyimbo zimeshaanza. Ansbert alikaa mbele, macho hayabanduki kwenye dashibodi. Magomeni, kimya. Ubungo, kimya. Nusaiba akaanza kuomba dua moyoni gari lake liharibike, dua ambayo hakuwahi kuisikia kwa mtu yeyote. Walipoanza kupanda kilima cha Kimara, pikapu ikakohoa, taa ikawaka.

“Imewaka! Alhamdulillahi, imewaka!” Akapiga kigelegele hapo hapo kwenye usukani. Wanawake wa nyuma, wakidhani wamefika, wakamwitikia kwa vigelegele saba.

Wakaegesha pembeni. Ansbert aliweka mawe kwenye matairi, akajiingiza chini. “Akina mama, msishuke! Imbeni, tena chezeni!”

Hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Bodi ikawa inapanda na kushuka, na Nusaiba, aliyebaki ndani, akaona taa inawaka na kuzima, inafuata mdundo. Akaangua kicheko mpaka machozi. Chini kule Ansbert naye alishaona: kulikuwa na fungu la waya lililopita karibu mno na bodi. Bodi ikilemewa na mzigo inaukandamiza waya mmoja uliochubuka, unagusa chuma.

Alitoka amejaa vumbi, meno yote nje. Akauzungushia waya ule utepe, akalifunga fungu mbali na bodi, akaomba wacheze tena. Wakacheza. Taa ikabaki imelala. Ndipo akatoa fomu ya garantii aliyokuja nayo, akaiweka juu ya boneti, akaandika ugonjwa, tarehe na saa: saa sita kasorobo.

“Jumatatu nakubadilishia fungu zima, hulipi hata senti. Samahani mama, mara zote nne ulikuwa unasema kweli.”

“Yamekwisha, mwanangu. Umeona mwenyewe.”

Kwa bwana harusi, Ansbert alijitwika godoro kichwani, akaliingiza ndani huku wanawake wakimwimbia kama ndugu wa ukoo. Nusaiba akamkumbusha kwamba gereji inamsubiri. Fundi akatazama sinia la pilau lililokuwa linakuja, akanawa mikono.