Kiti Kilicholala

Kiti cha mbele cha abiria katika gari kuukuu la Tobias Barasa kililala chali tangu alipomzika mkewe Nekesa, na mwaka ukapita bila kuinuka.

Nekesa alikilalia kila walipokwenda hospitalini Thika, kwa kuwa mgongo haukumruhusu kuketi. Barasa alibonyeza kitufe cha pembeni, kiti kikashuka polepole, naye Nekesa alikuwa akisema, "Pole pole, dereva, usinimwage." Barasa aliporudi kutoka mazishini Bungoma, gari lilikuwa jekundu kwa matope. Akalipeleka Kamakis kwa vijana wa kuosha magari, akawaambia waoshe kila mahali. Wakaosha kweli, wakaelekeza mpira wa maji hadi chini ya viti. Tangu siku hiyo kitufe kilibonyezwa bure.

Angeweza kukitengeneza wiki ileile. Hakufanya hivyo. Kila asubuhi aliendesha kutoka Ruiru hadi kiwandani Thika, kiti kimelala kando yake, na mkoba wa chakula aliutupa nyuma ili usikiguse.

Jirani yake Auma, aliyefanya kazi kwenye kiwanda hichohicho katika idara nyingine, alikuwa na goti lisilokunjika. Kiti cha nyuma hakikumfaa.

"Baba Wilkister, si unibebe tu hapo mbele? Hili goti litanimaliza huko steji nikingoja matatu."

"Kiti ni kibovu, Mama Calvince. Spea haipatikani."

Huo ulikuwa uongo, maana hakuwa ameitafuta. Auma aliuliza tena siku nyingine, akicheka: "Hiyo spea inatoka Japani kwa miguu?" Kisha akaacha kuuliza kabisa, na Barasa akaona afadhali.

Jumapili moja alitoka kanisani, akaketi garini, akagundua kwamba tangu Ijumaa hakuwa amezungumza na mtu yeyote. Hata padri alikuwa amempungia mkono tu kwa mbali. Alichukua ruhusa kazini, akaenda kwa Nzioka, fundi wa umeme wa magari pale Ruiru.

"Mzee, hiki kiti kimelala kuliko soja wa benki zamu ya usiku!"

Nzioka aliingiza kichwa na tochi chini ya kiti. Akaunganisha waya mbili moja kwa moja na betri, mota ikanguruma. "Unasikia? Mota ni nzima. Hapa waya zinapokutana ndipo palipooza kwa maji. Nani alimwaga maji humu?"

"Ni mimi niliyewaambia waoshe."

"Basi ulijikaanga mwenyewe."

Akakata palipooza, akaunga waya mpya, akafunga kwa tepu. "Haya, bonyeza." Barasa aliweka kidole kwenye kitufe, akasita. "Bonyeza, mzee, hakiumi!"

Kiti kilipanda taratibu. Kwa mwaka mzima alikuwa ameona barabara yote kupitia dirisha la upande ule. Sasa mgongo wa kiti ukalikinga.

Kesho yake jioni alimngoja Auma kwenye lango la kiwanda.

"Mama Calvince, kiti kimepona. Ingia twende nyumbani."

Auma alichungulia ndani, akakitazama kiti kilivyosimama. "Asante, Baba Wilkister. Lakini mimi nilihamia huku Makongeni, hapahapa Thika, mwezi wa pili. Natembea kidogo tu."

"Ulihama?"

"Lori lilisimama mbele ya lango lako, tukapakia mpaka saa sita." Hakusema kwa ukali. "Na Nzioka nilimuuliza zamani, akaniambia hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Nikaona, mtu anataka kuachwa. Nikakuacha."

Akampa mkono, akaenda zake akichechemea.

Barasa aliendesha hadi Ruiru, asiwashe hata redio. Mbele ya iliyokuwa nyumba ya Auma kamba ilijaa nguo za watoto asiowajua. Zilikuwa zikianikwa hapo miezi yote hiyo, naye hakuziona. Alizima injini. Kidole kikaenda chenyewe kwenye kitufe, kikakaa hapo. Kisha akakiondoa, akashuka, akaenda kubisha hodi awaulize majirani wapya majina yao.